Ya kupaka, ya kumeza, au kisu? Kulinganisha antibiotiki za maambukizi ya ngozi

Swali ninaloulizwa kuliko mengine yote nikiwa nyuma ya meza ya dawa ni hili: "Kati ya hizi, ipi kali?" Mtu ana kidonda kinachotoa usaha, au mguu umevimba na unawaka moto, na cheti chake kina dawa moja wakati jirani yake mwenye kidonda kama hicho aliandikiwa nyingine. Anahisi amepunjwa. Namwelewa, lakini hilo neno "kali" ndilo linalotupotosha. Antibiotiki hazikupangwa kwenye ngazi, dhaifu chini na kali juu. Kila moja ina vijidudu inavyoviweza na isivyoviweza, ina mahali inapofika na isipofika, na kuna miili inayopatana nayo na mingine isiyopatana nayo. Dawa iliyouponya mguu wa jirani inaweza isifanye lolote kwenye jipu lako.

Basi nitazilinganisha kama zinavyokutana kwenye maamuzi ya kweli. Sikusudii ujiandikie dawa. Zote hizi ni za cheti. Nataka ukikaa mbele ya anayekutibu ujue cha kumweleza na cha kumuuliza, na ukifika nyumbani ujue namna ya kuitumia bila kujidhuru.

Kwanza, ni bakteria kweli?

Choa huchora duara lenye ukingo ulioinuka na magamba, katikati pakiwa kama pamepona: hao ni fangasi. Mkanda wa jeshi huleta malengelenge upande mmoja tu wa mwili, na maumivu ya kuchoma yanaweza kutangulia siku kadhaa kabla ya malengelenge yenyewe: hicho ni kirusi. Upele unaowasha zaidi usiku na kuwapitia watu wote wa nyumba ni wadudu wadogo wanaochimba ngozi. Antibiotiki haisaidii hata kimoja kati ya hivi, isipokuwa pale ambapo kujikuna kumefungua mlango na bakteria wakaingia juu yake.

Bakteria wenyewe kwa sehemu kubwa ni wa aina mbili. Stafilokokasi hupenda kujikusanya mahali pamoja na kutengeneza usaha. Streptokokasi hutambaa: ngozi huvimba, hupata joto, na eneo hupanuka bila usaha wa kuonekana. Si kanuni isiyovunjika, lakini ndiyo inayomwongoza daktari achague dawa gani, kwa hiyo mweleze wazi kama umeona usaha au hukuona.

Kuna kitu kimoja nisichotaka kukipita hapa. Zipo krimu zenye dawa tatu ndani ya tyubu moja: antibiotiki, dawa ya fangasi na steroidi. Watu huzipenda kwa sababu muwasho hutulia siku ileile. Kinachotuliza ni steroidi, na steroidi hupunguza wekundu na uvimbe huku ikipunguza pia kinga ya mahali hapo. Nimeona choa kilichopakwa krimu hiyo wiki kadhaa kikawa hakina tena umbo la duara, kimesambaa tumboni kote, hata kukitambua ikawa kazi. Kama hujui una nini, usianze na krimu ya namna hiyo.

Ya kupaka au ya kumeza?

Mama mmoja alikuja na mtoto wa miaka minne hivi. Kuzunguka pua na kwenye kona ya mdomo palikuwa na vigaga vitatu vya rangi ya asali, vile ambavyo ukivibandua chini panabaki pabichi na pana majimaji. Mtoto hakuwa na homa, na alikuwa akichezea funguo za mama yake. Daktari aliandika malhamu ya mupirosini. Mama alitaka dawa ya maji, "iue kutoka ndani."

Ugonjwa huo huitwa impetigo, na hukaa kwenye tabaka la juu kabisa la ngozi. Malhamu inayopakwa hapo huwakuta bakteria uso kwa uso, kwa kiasi kikubwa kuliko kile ambacho dawa ya kumeza ingeweza kufikisha baada ya kuzunguka kwenye damu ya mwili mzima. Na utumbo wa mtoto unasalimika. Hakuna kuharisha kwa sababu ya vidonda vitatu vya usoni. Kwa hiyo kwa vidonda vichache vya juujuu, ya kupaka inaishinda ya kumeza kwa kazi na kwa usalama. Mambo hugeuka vidonda vikiwa vingi au vimetawanyika sehemu mbalimbali za mwili, vikija na malengelenge makubwa, au mtoto akiwa na homa. Hapo ya kumeza ndiyo sahihi. Na uambukizo ulioingia chini zaidi, kama ule wa mguu unaovimba na kutambaa ambao madaktari huuita selulitisi, hauponi kwa kupaka kitu chochote juu yake.

Kati ya dawa za kupaka, mbili hukutana mara kwa mara: mupirosini na asidi ya fusidiki. Kwa impetigo zinakaribiana sana, na anayeandika moja badala ya nyingine huangalia zaidi usugu uliopo eneo lake na ipi inayopatikana. Mupirosini ina kazi nyingine muhimu, kuwaondoa stafilokokasi sugu wanaojificha puani, na hiyo ni sababu ya kutoitumia ovyo kwa kila mkwaruzo. Fusidiki nayo, ikipakwa kwa wiki nyingi, stafilokokasi huizoea haraka. Zote mbili ni za siku chache: 5 kwa kawaida, zisipite 10. Ile yenye neomaisini, ambayo wengi wanaifahamu, siipendekezi kwa moyo mweupe kwa sababu huwapa watu wengi mzio wa ngozi. Kidonda kinazidi kuwasha na kuwa chekundu, mtu anadhani dawa haijatosha, anaongeza.

Namna ya kupaka nilimwonyesha mama yule hapohapo, maana hapa ndipo dawa nzuri huonekana haifai. Osha mikono. Lowesha kigaga kwa maji ya uvuguvugu na sabuni mpaka kilainike, kisha ukiondoe taratibu kwa kitambaa safi bila kukikwangua. Malhamu ikikaa juu ya kigaga kikavu haiwafikii bakteria. Kausha kwa kugusagusa. Paka tabaka jembamba, kutwa mara tatu, kisha osha mikono tena. Kata kucha za mtoto, mpe taulo yake peke yake. Kama baada ya siku 3 hadi 5 hakuna nafuu, rudi, usiongeze unene wa malhamu.

Jipu: kidonge au kisu?

Hapa watu wengi humeza dawa zisizowasaidia. Jipu lililoiva ni mfuko wa usaha uliozungushiwa ukuta, na damu haipiti ndani yake vizuri. Dawa husafiri kwa damu. Unaweza kumeza kapsuli wiki nzima na usaha ukabaki palepale. Tiba yake ni kupasuliwa na mtaalamu, kwa ganzi na vifaa safi, usaha utoke.

Utafiti mkubwa uliochapishwa mwaka 2016 nchini Marekani uliwafuata watu ambao majipu yao yalikuwa yamepasuliwa. Nusu walipewa kotrimoksazoli, nusu vidonge visivyo na dawa. Waliopona kwenye kundi la dawa walikuwa asilimia 80.5, na kwenye kundi la vidonge vitupu asilimia 73.6. Nikiutazama ulinganisho huo naona mambo mawili: kisu ndicho kilichofanya sehemu kubwa ya kazi, na antibiotiki iliongeza kidogo, lakini iliongeza. Ndiyo maana daktari mmoja anaweza kupasua na kukuruhusu bila dawa, mwingine akapasua na kuandika. Swali la kumuuliza ni kama kuna kitu kwako kinachoelekeza upande wa dawa: homa, jipu kubwa, majipu kadhaa, wekundu unaotambaa kulizunguka, kisukari, au kinga iliyopungua.

Usilikamue mwenyewe. La usoni, hasa kuzunguka pua na mdomo wa juu, usilikamue hata kama linakujaribu kiasi gani, kwa sababu mishipa ya damu ya eneo hilo inaungana na ile ya ndani ya fuvu.

Za kumeza: nani dhidi ya nani

Nianze na amoksilini, kwa kuwa ndiyo inayopatikana kwenye droo za nyumba nyingi. Kwa streptokokasi ni dawa nzuri. Kwa stafilokokasi karibu haifai kitu. Penisilini ilipoanza kutumika kwa wingi miaka ya 1940, haikuchukua muda stafilokokasi wengi wakawa wanatengeneza kimeng'enya kinachoikata dawa kabla haijawagusa, na amoksilini hukatwa na kimeng'enya hichohicho. Kloksasilini na flukloksasilini ziliundwa kwa makusudi ili kimeng'enya hicho kishindwe kuzishika. Ikichanganywa na asidi ya klavulaniki, amoksilini nayo hupata ngao, lakini inabeba kuharisha zaidi kuliko wenzake, na imeze mwanzoni mwa mlo. Mchanganyiko huo una mahali pake hasa: kung'atwa na mbwa, paka au binadamu.

Ulinganisho ninaouona kila wiki ni wa flukloksasilini (au kloksasilini) na sefaleksini. Zote huwaweza stafilokokasi wa kawaida na streptokokasi. Zote kwa mtu mzima huwa kutwa mara nne. Tofauti iko kwenye tumbo na ini. Flukloksasilini hunywewa tumbo likiwa tupu, muda wa saa nzima kabla ya kula au saa mbili baada ya kula, kwa sababu chakula huizuia kuingia mwilini. Jaribu kuipanga: saa 12 asubuhi, saa 6 mchana kabla ya kula, saa 12 jioni, na ya mwisho kabla ya kulala. Inawezekana, ila inataka nidhamu, na mtu anayefanya kazi ya zamu huanza kuruka dozi siku ya tatu. Sefaleksini hunywewa na chakula au bila chakula. Kwa mtu ambaye najua ratiba itamshinda, dawa atakayoimeza ni bora kuliko ile atakayoiruka, na nimewahi kumpigia daktari simu kwa sababu hiyo hiyo.

Kuhusu ini: flukloksasilini mara chache huziba mtiririko wa nyongo, zaidi kwa wenye umri wa miaka zaidi ya 55 na kwa wanaoitumia zaidi ya wiki mbili. La kushangaza ni kwamba macho ya manjano yanaweza kutokea hata miezi miwili baada ya kuacha dawa. Mtu amesahau kabisa kwamba alitibiwa mguu. Ukiona macho manjano, mkojo umekolea kama chai ya rangi, au mwili mzima unawasha, taja dawa hiyo kwa jina, na ukishapatwa usiitumie tena maishani.

Na mwenye mzio wa penisilini? Hapa ninakaa kidogo, kwa kuwa neno moja kwenye faili hubadilisha kila kitu. Nchini Marekani takriban mtu 1 kati ya 10 ameandikiwa kwamba ana mzio wa penisilini. Wakipimwa, zaidi ya 9 kati ya 10 ya hao huonekana wanaweza kuitumia. Wengi waliwahi kuharisha au kutapika, au walipata vipele utotoni wakiwa na kirusi. Kwa hiyo usiseme tu "ina mzio na mimi." Eleza kilichotokea. Je, ilikuwa vipele vilivyovimba na kuwasha ndani ya saa moja, midomo au ulimi kuvimba, kifua kubana, kuzirai? Hiyo ni hatari ya kweli, na familia nzima ya penisilini, amoksilini, kloksasilini na flukloksasilini zikiwemo, haikufai. Sefaleksini ni ya familia jirani, na wengi wenye historia ya vipele vidogo vya zamani huitumia salama chini ya uangalizi wa aliyeiandika. Lakini kama kilichokuangusha kilikuwa amoksilini au ampisilini, sema hivyo, maana sefaleksini ina kipande kinachofanana na cha dawa hizo.

Dawa za wasioweza penisilini, au wenye stafilokokasi sugu, ni tatu zinazotajwa zaidi. Usugu huo si jambo la jana: methisilini, ndugu ya flukloksasilini, iliingia sokoni mwaka 1959 na kufikia 1961 Uingereza ilikuwa imeripoti stafilokokasi wanaoishinda. Ndio wanaoitwa MRSA, na hao flukloksasilini na sefaleksini hazina lao.

*Klindamaisini* huwagusa stafilokokasi na streptokokasi pia, hivyo ni rahisi kuichagua pale ambapo haijulikani ni yupi. Gharama yake iko kwenye utumbo: ni miongoni mwa dawa zinazojulikana zaidi kwa kuwaachia nafasi bakteria waitwao Clostridioides difficile. Ukianza kuharisha majimaji mara nyingi kwa siku, au kuna damu, hata wiki kadhaa baada ya kumaliza, usinunue dawa ya kufunga kuhara. Rudi.

*Doksisaiklini* ni kutwa mara mbili, jambo ambalo watu hulipenda. Inaweza MRSA wengi, ila kwa streptokokasi haiaminiki, kwa hiyo kwa mguu unaotambaa bila usaha si chaguo la peke yake. Imeze na glasi nzima ya maji ukiwa umekaa wima, usilale kwa nusu saa: kapsuli ikikwama kwenye koo la chakula hutoboa kidonda, na maumivu yake mtu hudhani ni moyo. Tenganisha na maziwa, vidonge vya madini ya chuma na dawa za kiungulia. Jua litakuchoma haraka kuliko kawaida. Wajawazito na watoto wa chini ya miaka 8 kwa kawaida hawapewi.

*Kotrimoksazoli* nayo ni ya MRSA na majipu, na nayo ni dhaifu kwenye hoja ya streptokokasi. Ina salfa. Ukiona vipele vinaanza, na hasa vikija na vidonda mdomoni, macho mekundu, au ngozi kubabuka, acha hapohapo na uende hospitali usiku huohuo. Mweleze daktari kama unatumia dawa za presha za kundi la enalaprili au losartani, kwa sababu pamoja nayo potasiamu hupanda kwenye damu. Na kama unatumia warfarini, maana damu inaweza kuwa nyepesi kupita kiasi.

Azithromaisini naitaja kwa ufupi kwa sababu inaombwa mno: "ile ya siku 3." Ufupi wake ndio mvuto wake, lakini bakteria wa ngozi wengi wameshaizoea. Mwaka 2017 Shirika la Afya Duniani liliziweka antibiotiki kwenye makundi matatu: za kutumiwa kwanza, za kuangaliwa kwa makini, na za akiba. Sefaleksini, kloksasilini, doksisaiklini, klindamaisini na kotrimoksazoli ziko kundi la kwanza. Azithromaisini na siprofloksasini ziko la pili. Kwa ngozi, mara nyingi sana huhitaji kuvuka kundi la kwanza.

Siku 5, siku 7, au mpaka pakiti iishe?

Selulitisi ya kawaida inayoitikia dawa hutibiwa siku 5 hadi 7. Watu huona ni chache wakaomba 14. Siku za ziada haziponyi zaidi. Zinaongeza kuharisha na kuwapa bakteria wengine wa mwili mazoezi ya kuishinda dawa. Upande wa pili ni yule anayeacha siku ya pili kwa sababu maumivu yametulia. Alexander Fleming, aliyegundua penisilini mwaka 1928, alionya juu ya hili kwenye hotuba yake ya Nobeli ya Desemba 1945: kiasi kisichotosha kuwaua vijidudu ndicho kinachowafundisha kuhimili. Fuata siku ulizoandikiwa, na ukitaka kubadilisha, uliza. Dozi ukiisahau, imeze ukumbukapo; ikiwa ya pili imekaribia, ruka ile, usimeze mbili kwa pamoja. Zilizobaki zirudishe kwa mfamasia, usimwekee mtu mwingine.

Utajuaje kama inafanya kazi? Siku unayoanza dawa, chukua kalamu ya wino na uchore mstari kuzunguka ukingo wa eneo lililoathirika. Kwenye ngozi nyeusi wekundu unaweza usionekane. Ukingo utaupata kwa mgongo wa mkono, pale joto na ugumu vinapoishia, au pale ngozi inapoanza kung'aa na kukolea rangi. Andika saa pembeni. Katika saa 24 hadi 48 za kwanza uvimbe unaweza kuvuka kidogo mstari huo bila maana mbaya, kwa kuwa bakteria wanaokufa huchochea uvimbe. Wakati huo inua mguu juu ya mto, na angalia katikati ya vidole: fangasi za vidoleni huwa ndio mlango walioingilia, na zisipotibiwa mguu utavimba tena.

Baada ya saa 48 mstari ukiwa bado unavukwa, dawa haijampata adui, au adui si yule tuliyedhani. Rudi. Na kuna mambo ambayo hayasubiri hizo saa 48: maumivu makali mno kuliko kinachoonekana, ngozi kuwa ya zambarau au nyeusi, malengelenge ya damu, hali ya kusikia mchakacho ukibonyeza, uvimbe kuzunguka jicho, homa ya kutetemeka, kuchanganyikiwa, au mstari kuvukwa sana ndani ya saa chache tu. Kwa mtoto mchanga, hata kidonda kimoja chenye usaha ni cha kuonwa siku hiyo hiyo. Huko wataangalia dawa ya mshipa na pengine chumba cha upasuaji. Nenda na pakiti ya dawa mkononi, na ule mstari usiufute.